Karo ni moja, gharama ni tatu: jinsi vyuo vya Marekani vinavyohangaika na kanuni mpya za kuripoti misaada na deni la wanafunzi

Ingia chuo chochote cha Marekani ukaulize mwaka mmoja wa masomo unagharimu kiasi gani. Ofisi ya uhasibu itakutajia karo na ada zilizotozwa. Ofisi ya misaada ya wanafunzi itakutajia namba kubwa zaidi, kwa sababu ndani yake mna chakula, nyumba, vitabu, nauli na matumizi madogomadogo. Ofisi ya takwimu nayo itakupa namba ya tatu: kile kinachobaki baada ya kutoa ruzuku ambazo mwanafunzi wa kawaida hupata. Zote tatu ni sahihi. Kila moja inajibu swali lake.

Kwa miongo kadhaa ofisi hizo ziliishi vizuri, kila moja na namba yake, zikikutana mara chache tu kwenye fomu za mwisho wa mwaka. Kilichobadilika ni kwamba tangu Julai 1, 2024 Wizara ya Elimu ya Marekani inataka namba hizo ziwekwe kwenye mstari mmoja, mwanafunzi mmoja mmoja, kozi moja moja, kisha deni la waliohitimu lipimwe dhidi ya mishahara yao. Watu wa nje wakisikia habari hii hudhani vyuo vinalalamika kwa sababu vina mambo ya kuficha. Vingine huenda vinayo. Lakini kwa vyuo vingi tatizo ni jepesi kulisema na gumu kulitatua: hakuna ofisi hata moja iliyowahi kuwa na jibu kamili la swali linaloulizwa.

Serikali inapata wapi haki ya kuuliza

Msingi wa yote ni Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965, hasa sehemu yake ya nne inayohusu fedha za wanafunzi. Ruzuku ya Pell kwa wanafunzi wa kipato cha chini, mikopo ya shirikisho, na malipo ya kazi za chuoni hupitia huko. Chuo kinachotaka wanafunzi wake wazipate fedha hizo hutia saini mkataba na Wizara, na ndani ya mkataba huo kinakubali kutoa taarifa. Kwa hiyo kuripoti si hisani. Chuo kisichojaza tafiti za IPEDS, ule mfumo wa takwimu wa shirikisho unaokusanya habari za vyuo vyote vinavyoshiriki, kinaweza kutozwa faini ya makumi ya maelfu ya dola kwa kila kosa. Ni vyuo vichache sana vinavyoweza kuishi bila fedha hizo za shirikisho, na vinavyojitenga nazo hufanya hivyo kwa msimamo.

Mwanzoni taarifa zilizotakiwa zilikuwa za chuo kizima. Mwaka 2008 Bunge la Congress liliirekebisha sheria, na kufikia Oktoba 2011 kila chuo kilitakiwa kuweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha bei halisi, ambamo mzazi anaingiza kipato cha familia na kupata makisio ya atakacholipa. Lilikuwa wazo zuri. Utekelezaji wake ni habari nyingine: kuna vikokotoo vilivyofichwa ndani ya kurasa ambazo hata mfanyakazi wa chuo hazijui, na kuna vingine vilivyotumia takwimu za miaka iliyopita bila kumwambia mtu.

Kwenye barua za misaada, zile ambazo mwanafunzi aliyekubaliwa hupokea zikimweleza atapewa nini, hali ilikuwa mbaya zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipitia barua za vyuo mamia kadhaa ukakuta mkopo mmoja wa shirikisho, ule ambao riba yake inaanza kuhesabika siku mwanafunzi anapoupokea, umeandikwa kwa majina 136 tofauti. Majina 24 kati ya hayo hayakuwa na neno "mkopo" mahali popote. Fikiria mtoto wa miaka 17 akisoma barua ya namna hiyo. Mwaka 2022 ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilikadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama havikumwonyesha mwanafunzi bei halisi katika barua hizo, au vilimwonyesha bei iliyo chini ya ile ya kweli. Njia ya kuipunguza ni rahisi mno: unachukua gharama, unatoa ruzuku, halafu unatoa na mikopo pia, kana kwamba mkopo ni zawadi. Au unaacha nje chakula na nyumba, kwa hoja kwamba mwanafunzi atalala mahali fulani hata asiposoma.

Kanuni iliyokufa na kufufuka

Njia ya pili ya serikali ilikuwa kuacha kuhangaika na barua na kutazama matokeo. Sheria ya shirikisho ilikuwa tayari inasema kwamba kozi za cheti, popote zinapofundishwa, pamoja na karibu kozi zote za vyuo vya kibiashara, yaani vinavyoendeshwa kwa faida, zinastahili fedha za umma endapo tu zinamwandaa mwanafunzi kwa ajira yenye kipato. Maneno hayo yalikaa kwenye sheria miaka mingi bila mtu kusema yanapimwaje.

Mwaka 2011 utawala wa Obama uliandika kipimo. Mwaka 2012 mahakama ilikibomoa kwa kiasi kikubwa, ikisema moja ya viwango vyake halikuwa na msingi uliofafanuliwa. Kikaandikwa kingine mwaka 2014. Matokeo ya kwanza yalitoka Januari 2017, na kozi zaidi ya 800 zilianguka; asilimia 98 kati yake zilikuwa za vyuo vya kibiashara. Kabla kozi hizo hazijaadhibiwa, utawala ulibadilika, na mwaka 2019 kanuni ikafutwa. Kisha Oktoba 10, 2023 ikarudi, safari hii ikiwa na sehemu mbili. Sehemu ya adhabu bado inazihusu kozi za cheti na za vyuo vya kibiashara. Sehemu ya uwazi inagusa karibu kila kozi ya karibu kila chuo: shahada ya historia katika chuo kikuu cha jimbo, uzamili wa kazi za jamii katika chuo cha kanisa, udaktari wa meno.

Upanuzi huo ndio uliovishtua vyuo. Chuo cha kibiashara kinachofundisha ususi au uuguzi msaidizi kilikuwa kimekwisha kupitia zoezi hili mara mbili na watu wake walikuwa wanajua fomu. Chuo kikuu cha umma chenye kozi 300 kilikuwa mgeni kabisa.

Kinachoombwa hasa

Kwa kila kozi chuo kinataja jina lake, namba yake ya tarakimu sita katika orodha ya taifa ya fani, ngazi yake (cheti, stashahada, shahada, na kuendelea), urefu wake, idadi ya waliojiandikisha, na kama inamwandaa mtu kwa leseni ya kazi. Hapo hakuna jasho kubwa.

Jasho linaanza kwa mwanafunzi. Kwa kila aliyepokea msaada wa shirikisho, chuo kinaripoti kwa mwaka husika gharama ya masomo iliyokadiriwa, karo na ada zilizotozwa kweli, kama alilipa karo ya mkazi wa jimbo au ya mtu wa nje, posho iliyokadiriwa ya vitabu na vifaa, posho ya nyumba na chakula, ruzuku alizopewa na chuo chenyewe, ruzuku za jimbo na za watu binafsi, na mikopo isiyo ya serikali ambayo chuo kinaifahamu. Akimaliza au akiacha masomo, zinatakiwa jumla za muda wote aliokuwa kwenye kozi ile: karo yote, vitabu vyote, ruzuku zote, pamoja na deni lolote analodaiwa na chuo. Taarifa hizi zinaingia NSLDS, hifadhidata ya taifa ya mikopo ya wanafunzi, ambayo tayari inajua kila mkopo wa shirikisho aliowahi kuchukua.

Tazama tena orodha hiyo. Ndani yake mna vitu vya aina mbili vilivyokaa bega kwa bega: vilivyotokea na vilivyokadiriwa. Karo ilitozwa, risiti ipo. Posho ya vitabu ni makisio ya ofisi ya misaada. Hakuna anayejua kama mwanafunzi alinunua kitabu, alikiazima maktaba, au alikipakua bure. Makisio ya nyumba na chakula ni tata zaidi. Tangu mwaka wa masomo wa 2023/24 sheria inataka posho ya chakula itoshe milo mitatu kwa siku, jambo linalokudokeza kwamba hapo awali haikuwa hivyo kila mahali. Hata hivyo bei ya mlo na ya chumba cha kupanga vinakadiriwa na chuo chenyewe, na vyuo viwili vilivyo mtaa mmoja vinaweza kutofautiana kwa maelfu ya dola bila yeyote kudanganya.

Safu moja inavyoamua hatima ya kozi

Namba hizi zinatumikaje? Hapa nitaeleza kwa mfano wa kubuni, kwa sababu bila hesabu kanuni hii inabaki maneno matupu.

Kuna vipimo viwili. Cha kwanza ni deni kwa kipato. Serikali inachukua deni la mhitimu aliye katikati kabisa ya wenzake, inalipigia marejesho ya mwaka, na kuyalinganisha na kipato cha mhitimu aliye katikati, takriban miaka mitatu baada ya kumaliza. Marejesho yakiwa asilimia 8 ya kipato au pungufu, kozi imepita. Yakizidi hapo, bado ina nafasi ya pili: yasizidi asilimia 20 ya kipato cha ziada, yaani kipato baada ya kuondoa mara moja na nusu ya kiwango cha umaskini. Kipimo cha pili kinauliza kama wahitimu wanapata zaidi ya watu wa jimbo lile wenye umri wa miaka 25 hadi 34 walioishia sekondari. Kozi ya cheti au ya chuo cha kibiashara ikianguka kipimo kilekile mara mbili ndani ya miaka mitatu mfululizo, inakosa fedha za shirikisho.

Sasa chukua kozi ya cheti ambayo mhitimu wake wa katikati anapata dola 27,000 kwa mwaka. Alikopa dola 18,000. Marejesho ya cheti yanagawanywa kwa miaka 10 (ya shahada ya kwanza na ya uzamili ni 15, ya udaktari ni 20), na tuseme riba ni asilimia 5. Kwa mwaka atarejesha takriban dola 2,290, ambazo ni asilimia 8.5 ya kipato chake. Kozi imeanguka mtihani wa asilimia 8. Kwenye kipato cha ziada ndiyo kabisa: kiwango cha umaskini cha 2024 kwa mtu mmoja ni dola 15,060, mara moja na nusu yake ni 22,590, kinachobaki ni dola 4,410, na marejesho yanakula zaidi ya nusu yake.

Lakini kanuni ina kifungu kimoja ambacho wasomaji wengi hukiruka. Deni linalohesabiwa haliruhusiwi kuzidi karo, ada, vitabu na vifaa, ukitoa ruzuku za chuo. Sababu yake ni ya haki: mwanafunzi anaweza kukopa pia kwa ajili ya kodi ya nyumba, na chuo hakimzuii. Tuseme huyu wetu alitozwa karo na ada za dola 14,000 kwa kozi nzima, vitabu na vifaa vilikadiriwa dola 1,500, na chuo kilimpa ruzuku ya dola 3,000. Ukomo wake ni dola 12,500. Deni linalohesabiwa linashuka kutoka 18,000 hadi 12,500, marejesho yanakuwa takriban dola 1,590 kwa mwaka, sawa na asilimia 5.9 ya kipato. Kozi imepita.

Mhitimu ni yuleyule, mshahara ni uleule, na deni analodaiwa kweli ni lilelile. Kilichobadilisha matokeo ni safu tatu ambazo chuo kilizijaza. Chuo kikiisahau ile ruzuku ya dola 3,000, ukomo unapanda hadi 15,500 na kozi inasogea karibu na hatari. Kikiweka vitabu vya dola 4,000 badala ya 1,500 kwa uzembe, unapanda tena. Ndiyo maana nasema kwamba mhasibu anayejaza jedwali hilo ana uzito zaidi kwenye hatima ya kozi kuliko mkuu wa idara.

Kipimo cha mapato, kwa upande mwingine, hakimo mikononi mwa chuo hata kidogo. Serikali inapata takwimu za kipato kutoka kumbukumbu za shirikisho zenyewe, zikiwa zimejumlishwa, na chuo hakioni nani alipata nini. Kanuni ya zamani iliruhusu rufaa yenye takwimu mbadala; hii ya 2023 haikuiruhusu. Vyuo vya urembo na ususi vimeilalamikia sana, kwa hoja kwamba wahitimu wao wanaishi kwa bakshishi ambazo haziripotiwi kikamilifu kwa mamlaka ya kodi. Hoja ina ukweli, ingawa ni hoja ya ajabu kuipeleka mahakamani: kimsingi unamwambia jaji kwamba wahitimu wako hawalipi kodi yote. Mwaka 2025 mahakama ya shirikisho huko Texas iliikataa hoja yao na kuiacha kanuni iendelee kutumika.

Mahali mambo yanapokwama

Kosa la kwanza linaloonekana kila mahali ni la neno "ruzuku ya chuo". Mfuko wa wahitimu wa zamani, ambao kisheria ni taasisi nyingine lakini una ofisi ndani ya jengo la utawala, unatoa ufadhili wa masomo. Je, ni wa chuo au wa watu binafsi? Punguzo la karo kwa watoto wa wafanyakazi ni ruzuku, au ni karo ambayo haikutozwa? Na ufadhili wa wanamichezo? Kila swali la namna hiyo lina jibu, ila lazima mtu mmoja alitoe, aliandike, na ofisi zote zilifuate. Pasipo hilo, ofisi ya misaada itaiweka fedha safu moja na uhasibu safu nyingine, na mwanafunzi mmoja atahesabiwa mara mbili au asihesabiwe kabisa.

La pili ni wakati. Mifumo ya vyuo imejengwa kwa muhula na mwaka, kwa kuwa misaada hutolewa kwa muhula na mwaka. Kanuni inataka jumla ya kozi nzima. Mwanafunzi aliyeanza bila kuchagua fani, akasoma biolojia miaka miwili, akahamia uuguzi, akasimama mwaka mmoja kulea mtoto, kisha akarudi na kuhitimu: karo yake ya kozi ya uuguzi ni ipi? Mikopo yenyewe inahesabiwa kwa jumla kwenye sifa ya juu aliyoipata chuoni hapo, lakini karo na vitabu vinafuata kozi. Kompyuta haiwezi kujua hilo kama msajili hakuandika tarehe ya kuhama, na ukweli ni kwamba tarehe hizo mara nyingi huandikwa karani anapopata nafasi.

La tatu ni kumbukumbu za zamani. Ili kupima mapato miaka mitatu baada ya kuhitimu, lazima urudi kwa watu waliohitimu zamani, na ili kujua karo yao yote, urudi nyuma zaidi hadi walipoanza. Chuo kilichobadilisha programu yake ya kompyuta katikati ya muongo uliopita kinajikuta kinafungua mafaili ambayo aliyeyatengeneza alikwisha kustaafu. Wizara iliona hilo na kutoa njia ya mpito: kwa miaka ya mwanzo, chuo kinaweza kuripoti wanafunzi wa miaka miwili ya karibuni tu, na deni la hao likapimwa dhidi ya mapato ya waliotangulia. Vyuo vilivyochagua njia hiyo vilipunguza kazi. Vilichokubali badala yake ni kulinganisha deni la kundi moja na mshahara wa kundi jingine, na kama karo imepanda katikati, ulinganisho huo hauvipendelei vyuo.

Namba za fani nazo zina vituko vyake. Tarakimu sita zilezile zinaweza kukusanya kozi mbili ambazo walimu wake hawasalimiani, au kuitenga kozi moja katika mafungu mawili kwa sababu kampasi moja iliisajili kwa namba ya zamani. Athari yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana kozi yenye wahitimu wasiofika 30 katika kipindi kinachohesabiwa haitolewi matokeo. Kuunganisha au kugawa namba kunaweza kuitokeza kozi hadharani au kuificha. Wizara hufuatilia mabadiliko yanayofanyika ghafla kozi ikiwa hatarini, kwa hiyo asijidanganye mtu.

Tarehe zilizosogea

Tarehe ya mwisho ya kwanza ilikuwa Julai 31, 2024. Ikasogezwa hadi Oktoba 1. Ikasogezwa tena hadi katikati ya Januari 2025, kisha Februari, na hatimaye ikafunguliwa hadi Septemba 30, 2025. Anayeiangalia orodha hiyo kwa mbali ataona uzembe. Lakini ofisi zilezile za misaada zilikuwa na janga jingine. Fomu ya shirikisho ya kuomba misaada, FAFSA, ilikuwa imeandikwa upya kwa agizo la Bunge na kufunguliwa mwisho kabisa wa Desemba 2023, karibu miezi mitatu baada ya wakati wake wa kawaida, ikiwa na makosa ya mahesabu. Vyuo havikupokea taarifa za waombaji hadi Machi 2024. Barua za misaada zilichelewa, familia zilikuwa kwenye simu kutwa, na watu walewale wachache ndio waliotakiwa pia kukaa na msajili kuhesabu karo za wahitimu wa zamani.

Nilivyoona, vyuo vilivyofaulu kuripoti kwa utulivu havikuwa lazima vyenye fedha nyingi. Vilikuwa vile vilivyompa mtu mmoja mamlaka ya kuamua, akiwa na jedwali moja la maana za kila safu, na vikaanza kwa kulinganisha orodha ya wahitimu ya msajili na ile ambayo NSLDS ilikuwa nayo. Hatua hiyo ya mwisho inachosha na haina sifa, ila ndiyo inayookoa. Vyuo tayari vinaripoti hali ya uandikishaji wa wanafunzi kwa mfumo huo angalau kila miezi miwili. Kama kwa miaka kadhaa vimekuwa vikituma namba ya fani isiyo sahihi, kosa hilo limekwisha kukaa serikalini, na kulirekebisha mwanafunzi mmoja mmoja ni kazi ya miezi. Vyuo vilivyoanza na safu za fedha kabla ya kusafisha orodha vilijaza mara mbili. Vile vilivyonunua programu ya muuzaji na kusubiri ifanye kila kitu viligundua kwamba programu inahamisha namba. Haiamui kama mfuko wa wahitimu ni chuo au si chuo.

Msomaji anayetafuta chuo azitumieje namba hizi

Matokeo ya zoezi hili yakitangazwa, yatasomwa na wazazi ambao hawajui yaliyotangulia. Kwa hiyo inafaa kujua mipaka yake.

Namba za deni na gharama zilizojengwa kwa kanuni hii zinawahusu waliopokea msaada wa shirikisho. Mwanafunzi wa kigeni hapokei msaada huo, hivyo hayumo ndani yake hata kidogo. Mtoto wa tajiri aliyelipiwa kila kitu na wazazi naye hayumo. Kwenye IPEDS, wastani wa bei halisi wa chuo cha umma huhesabiwa kwa wanafunzi wapya wa muda wote waliopata ruzuku na wanaolipa karo ya mkazi wa jimbo. Anayetoka jimbo jingine, au nchi nyingine, akiichukua namba hiyo kama bei yake atakuwa amekosea kwa maelfu ya dola, na kosa halitakuwa la chuo.

Mikopo ambayo mzazi anachukua kwa jina lake, ile ya PLUS, haimo kwenye deni linalopimwa. Kozi inaweza kuonekana na deni dogo kwa sababu mzigo umehamia kwa mama. Mimi nadhani hili ndilo pengo kubwa kuliko yote katika kanuni, na sijaona hoja nzuri ya kulitetea zaidi ya ile ya kisheria kwamba mkopaji si mwanafunzi.

Barua ya misaada isomwe na kalamu mkononi. Tenganisha kinachorudishwa na kisichorudishwa, uone kama ruzuku ni ya mwaka mmoja au ya miaka yote, na uangalie kama chakula na nyumba vimo kwenye gharama. Ukiona mkopo umepangwa pamoja na ruzuku na kujumlishwa nazo, uutoe mwenyewe kwenye jumla hiyo.

Wakati vyuo vikiwa bado vinakamilisha mzunguko wa kwanza, Bunge lilipitisha kipimo kingine. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025, ile kubwa ya bajeti ya Rais Trump, inaziwekea kozi za shahada na stashahada mtihani wa mapato kuanzia Julai 1, 2026: wahitimu wa shahada ya kwanza au stashahada wakipata chini ya watu wazima wenye kazi walioishia sekondari katika jimbo lao, miaka miwili kati ya mitatu, kozi inakosa mikopo ya shirikisho. Kozi za uzamili na udaktari zinalinganishwa na wenye shahada ya kwanza. Sheria hiyo hiyo imefunga mkopo wa PLUS ambao wanafunzi wa uzamili huchukua wenyewe (tofauti na ule wa wazazi) kwa wakopaji wapya na kuweka ukomo wa kukopa, dola 20,500 kwa mwaka kwa kozi za kawaida za ngazi hiyo na 50,000 kwa zile za taaluma kama udaktari wa binadamu na sheria.

Kipimo cha Bunge hakitazami deni kabisa. Kinatazama mshahara peke yake, na adhabu yake inagusa mikopo, haigusi Pell. Vyeti vya ngazi ya chini havimo ndani yake. Kwa hiyo chuo cha jamii chenye cheti cha uchomeleaji na stashahada ya uchomeleaji, zinazofundishwa karakana moja na mwalimu mmoja, kinakuta cheti kinapimwa kwa kanuni ya 2023 ya deni na mapato, na stashahada inapimwa kwa sheria ya 2025 ya mapato pekee, huku mwanafunzi aliyechukua vyote viwili akitakiwa kuhesabiwa kwenye kile cha juu zaidi.